Benki ya Kumi na Saba

Velga Ozoliņa amefika ofisini kabla ya wapiga deki,
theluji ya Riga ingali imemganda nyusini.
Jedwali linafunguka:
benki arobaini na moja kwenda chini,
zile zile arobaini na moja kwenda kulia,
na kila zinapokutana, deni:
nani anamdai nani, euro ngapi, hadi lini.
Mshazari wa katikati ni sufuri tupu.
Hakuna ajidaiye mwenyewe.

Kazi yake ni kuua.
Anaiua ya kwanza, kwenye jedwali tu,
kisha anangoja aone nani atafuata.
Ile kubwa, yenye jengo la vioo ng'ambo ya Daugava,
inakufa kwa kishindo, peke yake;
mbili zinapepesuka, zinasimama.
Anaifufua. Anaua nyingine.
Hivyo hivyo hadi saa ya chai.

Ya kumi na saba haina hata tangazo la redio.
Matawi manne. Kalenda za bure kila Disemba.
Anaiua bila kufikiri, mkono wa pili
umeshika mkate mweusi wenye kisibiti.
Zinaanguka tatu.
Halafu tano.
Halafu skrini inanyamaza
kama watu waliosikia kitu jikoni,
halafu kumi na tisa.

Lazima amekosea nukta mahali.
Anarudia. Kumi na tisa.
Kumbe haikuwa tajiri, ilikuwa njiani:
kila mmoja alipitishia kwake alichomkopesha mwenzake.
Mtungo wa samaki, wewe hutazama samaki;
nani hutazama ugwe uliopita kwenye matamvua?

Saa nane mkurugenzi, Haralds Bušs, anataka namba.
"Moja tu. Waziri hasomi majedwali."
Moja! Hofu ya nchi nzima, kwa desimali mbili.
"Sufuri nukta tatu saba."
"Ni nyingi au ni kidogo?"
"Inategemea kama watu wataijua."
Anacheka, akidhani ni mzaha.

Jioni simu inalia. Ni mama yake, Skaidrīte, kutoka Cēsis:
kalenda mpya imefika, mwaka huu ina picha za korongo,
na wale vijana wa benki, wema sana,
wanamwita kwa jina tangu alipowapelekea
pesa za shamba.

Velga amekula kiapo, saini yake iko kabatini.
Na hesabu anaijua: mama akitoa, atamwambia jirani,
jirani atamnong'oneza shemeji yake wa posta,
na kabla ya Ijumaa
sufuri nukta tatu saba itakuwa moja.

"Itundike mbali na jiko," anasema,
"isije ikakunjika kwa mvuke."
"Mbona sauti yako hivyo?"
"Baridi, mama."

Usiku anafungua jedwali tena.
Anaongeza mstari wa arobaini na mbili,
anaandika jina lake,
anashuka kwa kidole hadi kwenye mshazari,
pale penye sufuri,
na kidole kinakaa hapo.