Kwa Apolot, Aliyeomba Kingine Kama Kile

Umekirudisha kabla ya siku tatu,
kimevimba kwa mvuke wa chai,
ukurasa wa tisini umekunjwa sikio,
na unauliza kama kipo kingine kama kile:
chenye mji, chenye lami,
chenye kitu kinachopumua chini ya lami.

Vipo. Keti juu ya rimu hizo.
Umeme umekatika, kisu cha mashine kimelala,
na Barabara ya Nasser bila umeme
haina la kufanya ila kusema.

Anza na "Makarani wa Kinamasi". Vitabu vitano.
Bonde limefukiwa kwa kifusi, yamejengwa magodauni,
na wale waliokuwa wakikaa majini
wanakuja ofisini kudai fidia
wamevaa suti zinazotona.
Karani ni Bwambale. Haamini lolote,
ila ana mhuri.
Usicheke. Katika kitabu cha pili
mhuri ule unamfungua mtu kifua.
Cha tatu kimepwaya, sikufichi,
mapenzi mengi, mizimu michache;
kivumilie kama unavyovumilia foleni ya Kibuye,
maana cha nne
nilikisoma nimesimama, ugali ukaungua.

Ukitaka kucheka, chukua "Zamu ya Korongo".
Wale ndege wa jalalani, wenye upara na mfuko shingoni,
kumbe ni mahakimu waliostaafu
wa mji ulio juu ya mji huu.
Hawali taka. Wanasoma:
risiti, barua zilizochanwa, majibu ya maabara.
Vitabu vitatu tu, vyembamba.
Mwandishi alijua kuondoka karamuni
kabla ya kufagiliwa.

Upo na mfululizo wa "Taa ya Tatu", lakini huo sikupi bado.
Nabirye, binti wa Walukuba, dereva wa boda,
anavuka makutano taa ikiwa na rangi
isiyo nyekundu, isiyo kijani, isiyo manjano,
na abiria anayeshuka
siye aliyepanda.
Wetaka wangu alikuwa akiusoma wodini.
Alibakiza kurasa kumi na nne.
Alama yake ingali mle, tiketi ya basi la Mbale.
Nikikupa, utaisogeza.

Watu hunisuta: mama mzima, mvi hizo, unasoma majini?
Nawaambia, nielezeni basi bila majini:
barabara yetu inaliwa kila masika,
kila masika inalipiwa upya,
na hakuna aliyewahi kuonekana akitafuna.
Nyumba ilikuwepo Jumanne,
Jumatano ni kiwanja chenye hati na mlinzi.
Mimi nawafunga wote humu dukani,
vitabu vya hesabu za kampuni na vya mashetani,
kwa uzi mmoja,
na vya hesabu ndivyo visivyoaminika.

Lakini hebu, Apolot. Hii nini?
Penseli, ukurasa wa mia na kumi na mbili, pembeni:
"Si kweli. Hakimbii chumvi.
Nilimwona Mulago, ghorofa ya sita, saa tisa usiku,
amekaa kitanda kisicho na godoro,
ameshika chupa ya dripu mwenyewe, juu, kwa mkono wake,
ananiuliza kama zamu yangu inakwisha lini.
Nikamwambia asubuhi.
Akasema, pole."

Nilikuwa nimeshaandika faini yako, mia tano.
Nikasoma tena.
Nikatoka nje kidogo,
nikatazama paa za Nakasero, hakuna kitu,
korongo mmoja tu, amesimama kwa mguu mmoja
kama mtu anayesubiri kuitwa jina.

Shika hizi. Ni kalenda za mwaka jana ambazo mteja hakuzifuata,
nyuma ni nyeupe.
Andika hiyo zamu. Usimpe mbawa, usimpe macho ya moto,
mwache na chupa yake.
Gundi ninayo.
Uzi ninao.

Loo, umeme umerudi. Sogea, kisu hakina simile.
Na faini iko palepale.