Bawaba

Mwalimu Nkwabi alikuja na darubini kwapani na lalamiko:
Zohali haikai.
Ukiiweka katikati ya kioo, ukaita mwanafunzi,
mwanafunzi akiinama, imeshaondoka.
"Mbingu zinakimbia, Milembe."
Zinakimbia, au tunakimbia sisi?
Akacheka. Asubuhi hiyo alikuwa amelifundisha darasani.

Mimi ni fundi cherehani, Ng'ambo, hapa Tabora.
Kazi yangu ni mwendo: hatua ndogo, ileile,
bila kuruka, bila kusita, mpaka pindo liishe.
Nikamwomba vipimo.

Mbao mbili za mninga, bawaba ya mlango,
bolti ya milimita sita.
Kutoka bawaba hadi bolti
sentimita ishirini na tatu kasoro milimita moja.
Ile moja aliing'ang'ania kama mtu anayedai chenji.
Bolti izunguke mara moja kwa dakika,
na bawaba ielekee kusini, iinuke nyuzi tano tu.
Kwetu ncha ya mbingu imelala chini,
usawa wa bati la jirani,
wala haina nyota ya kuionyesha.

Usiku wa kwanza, mkono:
yeye anahesabu sekunde, mimi nazungusha.
Zohali ikatulia, kisha ikaruka kama panzi.
Usiku wa pili nikafunga mota ya printa bovu
na gia tatu za cherehani.
Ikaruka bado, kwa adabu kidogo.

Usiku wa tatu sikutazama juu. Niliinama, nikasikiliza.
Chuma kikavu kina lugha yake:
krr, kimya, krr.
Nikachukua nta, ile ninayopaka uzi usikatike,
imetoka Sikonge, inanuka moshi wa mzinga bado,
nikaisugua kwenye meno ya bolti,
jino kwa jino.

Kimya.

Zohali ikakaa na pete yake.
Wanafunzi walipanga foleni, na foleni haikuwa na haraka.
Shija, wa mwisho, alitazama dakika nne nzima
na hakuna aliyemvuta shati.
Treni ya Kigoma ikapita, ardhi ikatikisika,
pete ikatetemeka,
ikarudi mahali pake.

Baada ya saa moja bolti huisha.
Lazima uirudishe nyuma, uanze upya.
Nkwabi huomba radhi kwa wageni kila inapofika hapo.
Mimi siombi.
Hata bobini huisha,
na nguo huvaliwa.