Tipa ya Gungu

Niliinunua Kasulu, kambi ya barabara ilipovunjwa,
imekalishwa juu ya magogo, tairi hazimo kwenye bei.
Milioni sita, na pikipiki yangu juu yake.
Karani aliandika risiti bila kuniangalia usoni,
kama anayemuuzia mtu sanda.

Siku mbili tuliivuta hadi Gungu kwa tairi za kuazima.
Kwenye miteremko breki yetu ilikuwa Bandora,
anakimbia ubavuni na kipande cha gogo kwapani;
nikipiga kelele "Tia!" anatia chini ya gurudumu.
Mara tatu alitia. Mara ya nne gogo lilipasuka
na tipa ikaenda kulala kwenye mihogo ya watu.
Mihogo tulilipa.

Mimi elimu yangu ni baiskeli.
Nati ya baiskeli unaibembeleza kwa vidole viwili;
hii ya gurudumu la nyuma niliivalisha spana,
spana nikaivalisha bomba la mita mbili,
nikaning'inia mwisho wa bomba kama nguo ya kuanikwa,
nayo haina habari na mimi.
Tukaimwagia dizeli. Tukaiwashia moto. Tukaitukana.
Jumatano, Bandora alipoigusa tu kwa mzaha,
ikalia kwii, ikalegea.

Gea boksi niliifungulia barazani.
Kila jino nililiweka kwa mpangilio wa kutoka,
nikalizungushia chaki na namba sakafuni nisisahau.
Godeliva akadeki.
Alidhani watoto wamechafua.
Wiki mbili hatukusemezana vizuri,
mimi, mke wangu, na beringi saba zisizo na kwao.

Nilipokwangua ubavu kwa msasa
nikakuta bluu chini ya njano, kijani chini ya bluu,
na chini ya kijani herufi za nchi nisiyoijua,
zimesimama wima kama watu wanaongoja kuitwa.
Hapo nikaacha. Nimezizungushia mstari mweupe.
Huenda ni jina la mtu.
Huenda ni "Usipakie samaki."

Kiti cha dereva ni cha kinyozi aliyehamia Uvinza:
kinapanda, kinashuka, na kilikuwa kinazunguka
mpaka nilipokichomelea.
Bampa ni ubavu wa boti iliyokatwa Kibirizi,
bado lina kovu la nanga.

Mpira wa pampu ya kunyanyulia niliagiza Mwanza,
ukaja mdogo kama pete ya mtoto.
Nikakata mwingine kwenye mkanda wa mashine ya kukoboa,
nikaupaka mawese, nikaomba Mungu, nikavuta wenzo.
Bodi ikapanda!
Ikapanda mpaka mwisho, ikagoma kushuka.

Siku nne ilisimama hivyo juu ya paa letu.
Waliokuwa stesheni waliuliza Gungu kumejengwa nini.
Godeliva akaanika kanga zake humo, kwa makusudi.
Sheikh akapita: "Dua ndefu hiyo, itikieni amina."
Nilifungua kila kilichofungika, nikafunga tena,
kumbe nyigu alikuwa amejenga nyumba ya tope
kwenye tundu la kupumulia la tangi la oili.
Nilimtoa kwa spoku ya baiskeli.
Bodi ikashuka polepole, na kanga zikiwa bado mbichi.

Tripu ya kwanza ilikuwa mchanga wa Luiche,
wa mtu anayejenga choo. Hakuna vigelegele.
Bodi ilipanda, mchanga ukateremka, bodi ikashuka.
Nilitaka nimwambie mteja atazame tena,
lakini alikuwa anahesabu hela.

Mpaka leo inavuja, tone kwa tone.
Usiku naiwekea kopo la Blue Band chini ya tumbo.
Alfajiri, kabla sijanawa uso, nachuchumaa.
"Mwakeye," naiambia,
natumbukiza ukucha kwenye kopo
kuona imelalaje.