Twende Kilioni

Ngamiani, Barabara ya Kumi na Mbili,
mlango wa pili toka kwa fundi baiskeli,
ndipo nisukapo. Mteja mkekani, mimi kigodani,
kichwa chake kati ya magoti yangu.

Siku ile Mwantumu Shekiondo alibisha kabla ya chai.
"Nisuke upesi, Mama Mebakari. Twende kilioni,
mistari sita tu. Basi la Korogwe ni saa tatu."
Nani? "Mjomba. Alikuwa anavuka Luengera na mbuzi wawili.
Mbuzi wameonekana."

Akanyamaza. Nikapasua njia ya kwanza.

"Mkaza mjomba yuko ukingoni siku ya tatu.
Hali. Haketi. Kila gogo analikimbilia."

Shingo yake ilikuwa inatetemeka, mstari ukinipinda.
Nikamwambia, wewe si mwalimu wa historia?
Hebu nisomeshe, kichwa kitulie.

Akatoa kitabu mkobani, akakifungua bila kutafuta:

Misri ya kale palikuwa na Isisi.
Mumewe alilaghaiwa akalala sandukuni, akiwa hai,
wakapigilia misumari, wakamtupa mtoni.
Mto ukamkabidhi bahari, bahari ikampeleka Gebali
kwa Wafoinike, mti ukaota ukalimeza sanduku,
mfalme akaukata mti, akaufanya nguzo ya ukumbi.
Watu wakala, wakacheka, wakaegemea,
hawajui wameegemea mume wa mtu.

"Mkewe akafika Gebali kwa miguu. Unadhani alifanya nini,
mungu mzima, mwenye majina ya kutisha?
Alikaa kisimani akilia. Vijakazi wa malkia
walipokuja kuteka maji, akawasuka."

Akawasuka?

"Akawasuka nywele. Harufu ya mikono yake
ikaingia mpaka chumbani kwa malkia."

Kitana kilinidondoka.
Astaghfirullah, nikasema, Mola wangu ni mmoja,
na hayo ni masanamu ya watu wa zamani.
Lakini kitana kilikuwa chini, na sikukiokota.
Miaka thelathini na moja mikono yangu inanuka nazi na asumini,
mume wangu anasema mpaka chai inanuka kichwa cha watu.

Nionyeshe picha.
Pembe za ng'ombe, jua limekaa katikati.
Ukurasa wa pili pembe zile zile, jua lile lile,
kumbe huyu si yeye: huyu ni Bibi wa Gebali mwenyewe,
wachongaji wake wamemvika nguo za Misri.
Waliazimana? "Waliazimana."
Kama sisi na ile doti ya marehemu Bi Kibibi:
arusi tatu, picha tatu, kanga moja.

Tena wa Tiro na Sidoni walikuwa na Ashtarti,
nyota yake ndiyo hii tunayoiita Zuhura.
Nikacheka, maana Zuhura ninayemjua mimi
anauza vitumbua Barabara ya Tano na ananidai.

"Na hapa, tazama, kichwani amebeba kiti.
Jina lake kwa maandishi yao ndiyo hicho kiti.
Wafalme walichorwa wamepakatwa naye."

Nikatazama magoti yangu na kichwa kilicho katikati yake.
Sikusema kitu. Nilikuwa mstari wa tano.

Halafu nikauliza, na yeye nani alimsuka?
Mwantumu akapekua, akarudi nyuma, akapekua.
"Wanasema alipopata habari alikata shungi moja."
Basi. Msusi hajisuki.

Mstari wa sita niliufunga kwa uzi mweusi.
Pesa nikazikataa, kilio hakilipiwi,
nikamtilia mkobani kitana cha pembe na kichupa cha mafuta.
Mkaza mjomba wako miguu ikimshinda, mkalishe.
Usimwambie mapenzi ya Mungu, ameshaambiwa.
Msuke. Mistari sita, na usikaze sana
kwenye kipaji.

Akauliza, na mto usipomrudisha?

Nilikuwa nimeinama, naokota nywele zake mkekani,
moja moja, navingirisha kidoleni,
natafuta pa kuzificha.