Bomba la Kupasha Miguu

Asubuhi ya tatu, boksi nililolitandika
chini ya Korona ya marehemu baba
limeamka na doa: la kijani, harufu tamu,
kubwa kuliko la jana.

Jirani: paka sabuni ya mche.
Shemeji: mwagia binzari kwenye rejeta.
Mimi najaza maji, naomba foleni ya Buguruni
isisimame,
macho kwenye mshale wa joto, si barabarani.

Tabata Relini, fundi Ngwali
hagusi mfuniko. "Acha lipoe.
Ukifungua sasa litakuchuna uso."
Tukala mihogo. Likapoa.
Akazamisha mkono nyuma ya injini mpaka kwapani,
akatoa vidole vimelowa.

"Rejeta nzima. Pampu nzima.
Inavuja hozi ya hita."
Hita?
"Ya kupasha miguu. Lilikotoka kuna theluji."

Tukatazamana, jasho likitutiririka.
Miaka ishirini na mbili, Dar hii hii,
baba alizunguka na moto wa miguu
asioujua.

Ngwali akakata, akaukunja mpira ujirudie wenyewe,
akakaza klipu mbili. Elfu kumi na tano.

Usiku nikatandika boksi jipya.
Asubuhi, kavu.
Sijaliondoa.