Nyongeza

Siku ya pili La Paz, soli ya kiatu cha kulia
ilifunua mdomo kama mbwa mwenye kiu,
katikati ya ngazi za mtaa ambao jina lake
sikuwa na pumzi ya kulitamka.
Mita elfu tatu na mia sita juu ya bahari.
Nilikotoka hewa ni ya bure, hujimiminia;
hapa kila funda nililikopa
na ngazi zikanidai palepale.

Aliyenishika kiwiko hakuwa na uso.
Kofia ya sufi nyeusi hadi shingoni,
matundu mawili, na ndani yake macho.
Nikaukumbatia mkoba. Naandika hili kwa aibu:
nilihesabu fedha zangu kichwani kabla sijamsalimu.
Akacheka, sufi ikatikisika mdomoni.
"Keti," akanisogezea kigoda chake,
yeye akakalia sanduku la kiwi.

Akanitilia kiganjani majani ya koka,
akagusa shavu lake: hapa, usimeze, yaache tu.
Kisha akakipokea kiatu kama mkunga.
Gundi. Msharasi. Uzi uliopitishwa kwenye nta.
Mishono kumi na mmoja; niliihesabu
kwa kuwa kuhesabu kulinisaidia kupumua.
Akakipiga kiwi, na cha kushoto nacho,
kizima kabisa, "kisione wivu."

Boliviano tano. Nilikuwa na noti ya mia mbili
na ngazi nzima haikuwa na chenji.
"Basi kesho."
"Na nikisafiri?"
Akainua mabega. "Viatu vitasafiri na deni."

Kesho yake hakuwapo, wala keshokutwa.
Kwa Kihispania changu cha kuokoteza
niliwauliza wapiga kiwi wengine, wote sufi, wote macho.
Mmoja akaniambia kwa upole:
hapa hatutajani majina, kaka.
Majirani zetu wanajua tunakwenda ofisini.

Alhamisi, soko la Lanza, ghorofa ya juu.
Donya Saturnina, kofia ya duara
imemkalia utosini kwa imani tu,
husaga papai na maziwa, hujaza bilauri,
unakunywa nusu, naye bila kuombwa
anakumiminia kilichobaki kwenye mashine.
Yapa, wanaiita. Nikamwambia hata kwetu ipo,
nyongeza; muuzaji asiyeijua
hurudi nyumbani na nyanya zake.
Akajaribu kulitamka, "nyo-, nyo-,"
neno likamkwama kwenye jino la dhahabu,
akacheka, akanimiminia tena.

Ndipo wakaketi kando yangu baba na binti,
binti ndani ya koti jeupe la shule,
wino wa buluu kwenye mkono mmoja.
"Nayra," baba akasema, "usimwage."

Sauti ile.
Na chini ya kucha zilizosuguliwa
mstari mweusi ambao sabuni haikuufikia.
Sweta limepigwa pasi. Sura ya kawaida,
ya mtu ambaye ningempita mara mia:
kovu dogo kidevuni, masharubu ya kuhesabika.
Akatazama kiatu changu cha kulia. Kisha mimi.
Kisha, upesi, binti yake.

Mdomo wangu ulikwisha kufunguka kusema asante.
Nikaujaza papai.

"Unamjua baba yangu?" mtoto akauliza,
maana nilikuwa nimekodoa.
"Hapana," nikasema. "Ndiyo kwanza naiona sura yake."
Na sikuwa nimesema uongo.
Baba akashusha pumzi, akamfunga mtoto kifungo
ambacho kilikuwa kimefungwa.

Nilipoinuka niliacha sarafu ya tano chini ya bilauri,
nikamnong'oneza Donya Saturnina: ya binti, yapa.
Alinitazama. Akatazama viatu vyangu, bila haraka.
Akaanza kufuta meza mahali pakavu.

Mashine ikanguruma nyuma yangu.
Sikugeuka.

Kile cha kushoto kilikuja kupasuka Oruro,
wiki iliyofuata, kwenye mvua ya mawe.
Cha kulia bado.