Mwanya

Bydgoszcz, Februari, mwaka ule kila mtu alipofungua duka.
Theluji imegeuka tope,
na Bonifacy Kmieć, fundi wa lifti,
anapanda ghorofa tano kwa miguu kuja kwangu
kwa sababu lifti ya jengo letu ni mbovu
na hakuna aliyekubali kumlipa aitengeneze.

Amekuja na karatasi ya kufungia soseji.
Amechora humo taji, na simba, na mabawa ya tai,
gurudumu lenye meno kumi na sita (niliyahesabu),
jina la babu yake, jina lake,
jina la mwanawe ambaye hajazaliwa,
na radi. "Ya umeme," ananieleza.
"Nataka mtu akiiona nembo ajue yote."

Nikamkaribisha chai kwenye glasi.
Nikamuuliza, yote yapi?

Akanyamaza. Kisha akasimulia,
wala si habari za simba:
mama mmoja alikwama kati ya ghorofa ya sita na ya saba
na gunia la viazi, mkesha wa Krismasi,
naye akapenyeza bisibisi, kisha vidole, kisha bega,
mpaka milango ikaachia upana wa kiganja
na mwanga wa korido ukamwangukia yule mama usoni.
"Hakusema asante," alisema. "Alisema, Ah."

Nilichukua kifutio.

Simba akaenda kwanza, wala hakunguruma.
Tai akafuata. Taji liling'ang'ania,
maana Bonifacy alilibana kwa kidole gumba:
"Hili angalau. Hata dogo."
Nikamwambia, bwana wee, nembo si sanduku la safari
uikalie juu ndipo ifunge.

Wiki tatu. Karatasi mia na ushei.
Nilibakiwa na mistari miwili iliyosimama
na mwanya katikati.
Mwanya huo ulinikondesha.
Ukiwa mwembamba, ni ukuta wenye ufa.
Ukiwa mpana, ni nguzo mbili zisizojuana.
Unywele mmoja huku, unywele mmoja kule,
nikala mkate mkavu, nikaukwangua kwa wembe.

Niliipunguza hadi ikaenea kwenye kifungo cha shati.
Niliipitisha katika mashine ya posta,
nakala ya nakala ya nakala,
mpaka wino ukachoka, yenyewe imesimama.
Niliibandika mlangoni nikavua miwani.
Nilimwita Ludwik, mtoto wa jirani,
nikamwonyesha kufumba na kufumbua, nikaificha,
nikampa kipande cha mkaa.
Akaichora, ukutani kwao.
Mama yake ananidai rangi mpaka leo.

Bonifacy aliitazama
kama mtu anayekagua chenji.
"Mistari miwili. Nimelipia mistari miwili?"
"La. Mistari ni bure. Umelipia mwanya."
Alilipa kidogo kidogo. Deni la mwisho
alilimaliza kwa kuitengeneza lifti yetu.

Miaka imekwenda. Kampuni ni ya bintiye, Jagna.
Aliwahi kuipaka nembo rangi ya machungwa, akaitia kivuli,
ikadumu majira mawili, ikapona kama mafua.

Jumanne iliyopita umeme ulikatika
nami nimo, kati ya ya tatu na ya nne,
na mfuko wa figili na magoti yangu haya.
Giza. Nikapapasa vitufe,
chini yake kibati, na juu ya kibati
mistari miwili, imelika kwa viganja vya watu,
bado iko wima.
Nikatia ukucha kwenye mwanya nikasubiri.

Nilikuwa nimejiandalia neno zuri la shukrani.
Bisibisi ikakwaruza. Vidole. Bega la kijana nisiyemjua.
Mwanga ukaingia,
nami nikasema, Ah,
kisha nikaona, baada ya miaka yote hiyo,
kwamba milango haifunguki katikati sawasawa.
Huegemea kushoto, kiasi cha unywele.
Sijamwambia Jagna. Nimenoa penseli.